Usiniambie Ni Mila Yao

Kuna maneno manne yanayowaponza wasichana hapa Thika, na wanaoyasema ni watu wapole. Walimu huyasema, wazee wa kanisa huyasema, wasomi nao huyasema kwa istilahi ndefu zaidi lakini maana ni ile ile: hiyo ni mila yao. Yakishatamkwa, mazungumzo yamefungwa. Aliyekuwa na swali anaonekana mkabila, mtu wa kujiona. Aliyenyamaza anaonekana muungwana.

Nakataa. Aliyenyamaza ameona mtoto wa mwenzake akipelekwa kuumizwa, akapima gharama ya kusema, akaona heri amani ya ploti, kisha akaupa woga wake jina la heshima. Uungwana hauko hapo.

Asiyepajua Landless aelewe kwanza tunavyoishi. Tuko upande wa Barabara ya Garissa, majirani wa Makongeni, na ploti moja inaweza kuwa na milango kumi na makabila sita. Bomba ni moja, kamba ya kuanika nguo ni moja, choo ni cha zamu. Watu wa hapa wamejifunza kuvumiliana, hasa baada ya ghasia za uchaguzi za 2008, na uvumilivu huo ni mali ambayo siwezi kuibeza. Jirani akiomboleza wiki nzima kwa ngoma, akilipa mahari kwa ng'ombe au kwa mbuzi, akila omena kila siku au asiguse nguruwe maisha yake yote, hayo si yangu kuyahukumu. Anayemdharau mwenzake kwa chakula chake au kwa namna anavyomlilia maiti wake ni mshamba, hata awe na digrii tatu.

Lakini kuna mambo na mambo.

Shule zilipokaribia kufungwa, mama mmoja wa ploti yetu, Mkisii, alikuwa bombani akifua. Binti yake wa gredi ya sita alikuwa ameinama kando yake akisuuza soksi.

"Huyu Desemba anaenda ushago," mama akasema, bila kuulizwa. "Nyanya yake anamngoja. Amekua."

Hakuna aliyeuliza anangojewa kwa lipi. Tulikuwa wanawake wanne na sote tulielewa. Mmoja aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama bado wanatumia wembe.

"Wembe wapi siku hizi! Ni nesi anakuja nyumbani, na glavu. Anadungwa sindano kwanza, hasikii kitu."

Msichana aliendelea kusuuza soksi ile ile. Mama alipoingia ndani, mwenzetu mmoja akayatamka yale maneno manne, kisha akaniangalia mimi. "Na wewe Mkikuyu usijaribu kumwambia kitu. Atasema unamdharau."

Nilimwambia. Jioni nilibisha mlango wake, nikamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama tunavyoitana hapa, nikamuuliza kama yeye mwenyewe anataka. Alikaa kimya, kisha akasema: "Mimi nani ananiuliza? Ni mama mkwe. Nikikataa, nikienda kule sipewi hata kiti."

Sasa niambie, sisi wanne pale bombani tulikuwa tunaheshimu mila ya nani? Msichana hakuulizwa. Mama yake hakutaka. Tulikuwa tunaheshimu amri ya bibi mmoja aliye mbali huko Kisii, na nyuma yake, hofu ya macho ya majirani zake. Tulichokiita mila yao kilikuwa upande mmoja wa ugomvi uliokuwa ukiendelea ndani ya nyumba yao, na kwa kunyamaza kwetu tulikuwa tumeshachagua upande. Tulimchagua mwenye nguvu. Msichana yule alikula Krismasi hapa Landless, na aliyezuia safari ni mama yake. Alichokosa muda wote ni mtu mmoja wa kumwambia kwamba hayuko peke yake.

Huu ndio uongo ulio ndani ya fundisho kwamba kila jamii ina maadili yake na wa nje hana haki ya kuhukumu. Fundisho hilo linadhani jamii ina mdomo mmoja. Haina. Jamii ina wazee wanaozungumza na wasichana wanaonyamazishwa, na ukimuuliza mzee mila inasemaje, atakujibu kwa faida yake. Waswahili walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wasomi wa kutohukumu wanaupenda sana usemi huo. Ni kweli, sijui kunguni wa kitanda cha jirani. Lakini anayekilalia anajua, na anapiga kelele usiku kucha. Sihitaji kulala pale ili nimsikie.

Na wamekuwa wakipiga kelele siku nyingi. Mwaka 1996 akina mama wa Tharaka, pamoja na Maendeleo ya Wanawake, walianzisha sherehe waliyoiita Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Wasichana walikaa ndani, wakafundishwa waliyopaswa kufundishwa, wakatoka wakashangiliwa na kijiji na kupewa zawadi, bila kisu. Mwaka 2000 wasichana wawili, ndugu wa damu kutoka Bonde la Kerio, walimpeleka baba yao mahakamani wakapata amri ya kumzuia asiwakeketeshe. Linah Jebii Kilimo, Mmarakwet aliyekikataa kisu akiwa msichana, aliishia bungeni na katika baraza la mawaziri, na baadaye akaongoza bodi ya kitaifa ya kupambana na ukeketaji. Ukisema hiyo ni mila yao, hao nao ni wa nani? Umewafuta kabila kwa sababu hawakukubaliana na wazee wao.

Sasa niwageukie watu wangu. Wakikuyu wa Thika na Ruiru hupenda kuuzungumzia ukeketaji kama jambo la Wakisii, Wasomali na Wamaasai. Tumesahau upesi. Nyanya zetu walikatwa, wengi wa mama zetu walikatwa, na vita vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kupiganwa Kenya juu ya mwili wa msichana vilipiganwa kwetu.

Mwaka 1929 misheni kadhaa zilizokuwa Kikuyuni ziliwataka waumini wake waweke kidole gumba kwenye karatasi ya kuikana tohara ya wanawake. Watu waliuita mpango huo kirore. Kiongozi wake alikuwa Dkt. John Arthur wa Kanisa la Scotland kule Thogoto, na misheni ya Kambui, si mbali na Ruiru, ilikuwemo katika kampeni hiyo. Aliyekataa alifukuzwa kanisani na watoto wake wakatoka shuleni. Watu wakajibu kwa wimbo wa Muthirigu wa kuwatukana wamishonari na machifu, serikali ikaupiga marufuku. Januari 1930, joto likiwa juu, mmishonari Mmarekani Hulda Stumpf aliuawa Kijabe. Waliofukuzwa wakajenga makanisa na shule zao wenyewe, zile za Karing'a na za chama cha KISA, na elimu waliyoijenga kwa mikono yao bado tunakula matunda yake.

Hapa lazima niwatendee haki waliokataa kirore. Walikuwa wamenyang'anywa ardhi. Mashamba ya mkonge na kahawa ya walowezi yalikuwa yameizunguka Thika na Ruiru, kipande kilikuwa kinaning'inia shingoni mwa kila mwanamume, kodi ilidaiwa kwa kila nyumba, na mwaka 1922 waliokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe walikuwa wamemiminiwa risasi. Kisha Mzungu yule yule aliyenyamazia yote hayo anakuja kusema sasa anahitaji kumlinda binti yako dhidi yako wewe. Ukweli ukiletwa na mtu wa namna hiyo hugeuka tusi. Kisu kikageuka bendera, na wasichana ndio waliokuwa mlingoti wake.

Maana jambo moja halikubadilika katika vurugu zote zile. Wamishonari walikuwa wanasema kweli juu ya kisu. Hospitali zao zilikuwa zimeona wanawake waliokatwa wakiteseka uzazini, wengine wakafa na watoto wao. Mwili wa msichana hauulizi aliyesema kweli ni mkoloni au si mkoloni. Damu inatoka vile vile.

Mwaka 1938 Jomo Kenyatta, ambaye nyumba yake kule Gatundu iko jirani yetu, alichapisha London kitabu Facing Mount Kenya, kazi aliyoiandaa chini ya mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski. Utetezi wake wa irua ya wasichana, yaani tohara yao, ni wa mtu hodari. Alionyesha jinsi irua ilivyobeba rika, mafunzo, historia na umoja wa watu, na akaonya kwamba anayetaka kuing'oa anang'oa kabila lenyewe. Ni kitabu kikubwa na ninakiheshimu. Lakini aliyeandika ni mwanamume, akiwa Ulaya, akitetea kitu ambacho hakikuwahi kumgusa yeye mwilini, na historia imemjibu. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2014 ulikuta Wakikuyu waliokeketwa wamebaki kama mwanamke mmoja katika kila saba. Je, kabila limeng'oka? Nenda Jumamosi yoyote Gatundu au Juja ukaone ruracio, sherehe ya mahari: mbuzi wanahesabiwa, wazee wanabishana, akina mama wanafunikwa leso na kuimbiwa. Mtoto wa kwanza wa kike bado anapewa jina la nyanya yake mzaa baba. Lugha ipo, mbari zipo, na ubishi wetu juu ya mashamba upo tele. Kilichokufa ni kisu, na walioachwa hai ni wasichana.

Na walipotokea watu wa kukirudisha, walikuwa akina nani? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijana wa kundi la Mungiki walitishia kuwakeketa wanawake wa Kiambu kwa nguvu, kwa jina la mila ya Gikuyu na Mumbi. Wanaume vijana, hawajabeba mimba hata siku moja, wanajitangaza walinzi wa mila kwa kutumia miili ya dada zao. Siku zile sikumsikia Mkikuyu hata mmoja akituambia tusihukumu kwa kuwa ni utamaduni. Tuliogopa, tukalaani, tukafunga milango. Kipimo tulichokitumia kwetu wenyewe ndicho ninachotaka tukitumie kwa binti wa jirani.

Nitaambiwa, wako wasichana waliotaka wenyewe. Wapo. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee la Meru, ikisukumwa na maofisa wa serikali ya kikoloni, ilipopiga marufuku tohara ya wasichana, wasichana walichukua nyembe wakakatana wao kwa wao. Waliitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri mwenyewe. Muthoni wa Ngũgĩ wa Thiong'o, katika The River Between ya 1965, ni binti wa mchungaji anayetoroka nyumbani ili atahiriwe, na anakufa. Siwezi kuwapuuza hao. Wananifundisha kwamba amri inayoshushwa kutoka kwa bwana shauri katikati ya Hali ya Hatari, nchi nzima ikiwa imejaa kambi na bunduki, haiwezi kusikika kama huruma. Kuhukumu tendo ni jambo moja, na namna unavyolipinga ni jambo jingine. Wakoloni walikosea sana katika la pili. Makosa yao hayaligeuzi la kwanza.

Hao wasomi wa kutohukumu wanapenda kusema kwamba haki za binadamu ni kitu cha Wazungu. Basi tuangalie fundisho lao wenyewe lilitoka wapi. Mwaka 1947 Chama cha Wanaanthropolojia cha Marekani kilipeleka taarifa kwa Umoja wa Mataifa, iliyoandaliwa na Melville Herskovits, kuonya kwamba tangazo la haki za binadamu lisije likawa maadili ya Magharibi yanayobandikwa kwa ulimwengu wote. Ilikuwa nia njema. Lakini mwaka uliofuata Makaburu walichukua serikali ya Afrika Kusini, na walichokihubiri kilikuwa kwamba kila watu wana utamaduni wao, waendelee kivyao, wasome masomo yanayowafaa wao, wakae kwao. Kwa lugha hiyo hiyo ya kuheshimu tofauti walipitisha sheria ya elimu ya Wabantu mwaka 1953. Hapa kwetu Waingereza walitawala kupitia machifu na mahakama za kienyeji, wakisema Mwafrika ahukumiwe kwa desturi yake, na desturi hiyo ilikuwa ile waliyoisimuliwa na wazee waliowateua wenyewe. Chama kile cha Marekani kilibadili msimamo rasmi mwaka 1999. Na Afrika haikusubiri ifundishwe: Itifaki ya Maputo ya 2003, inayoyataka mataifa yaupige marufuku ukeketaji, iliandikwa na Waafrika na kupitishwa na Umoja wa Afrika.

Nije kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu linagusa mitaa yetu kila mwezi. Wasichana wa Landless, Kiganjo, Makongeni na Ruiru wanapanda ndege kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Wengine wanatuma pesa, wanajenga, wanasomesha wadogo zao, nami nawaombea heri. Wengine pasipoti inachukuliwa siku ya kwanza. Chini ya mfumo wa kafala mwajiri ndiye aliyekushika: kubadili kazi bila yeye ni vigumu, na ukitoroka kipigo unakuwa wewe mkosaji. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia tangu 2019, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, na kwamba maelezo yaliyoletwa, ya moyo kusimama, hayaaminiki kwa vijana wote hao. Saudia ilikuwa imetangaza marekebisho ya kazi mwaka 2020, yakaanza Machi 2021, na wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje.

Familia zikilia, wapo wanaojibu kwamba hao ndivyo walivyo, ni wenyewe na desturi zao, mlimtuma wa nini? Hayo ni yale yale maneno manne, safari hii yameelekezwa kwetu. Wala kafala si Uislamu, na wako Wasaudi wanaoipinga. Lakini hata ingekuwa desturi ya tangu enzi, mama anayelipokea jeneza uwanja wa ndege wa JKIA ana haki ya kusema kwamba kilichofanyika ni uovu. Kama wa nje hana ruhusa ya kuhukumu, mama huyo hana kesi. Hilo ndilo wasomi wa kutohukumu hawajawahi kulijibu: fundisho lao linadai kumlinda mnyonge dhidi ya kiburi cha mkubwa, na likifika mwisho wake linamnyang'anya mnyonge silaha pekee aliyo nayo, ule uwezo wa kumtazama mkubwa na kumwambia umefanya vibaya.

Wazee wetu wa Mau Mau waliitumia silaha hiyo. Waliishtaki serikali ya Uingereza London kwa mateso ya kambini, wakiwemo wanaume waliohasiwa na wanawake waliobakwa. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alisimama bungeni akaeleza masikitiko, na serikali yake ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Hakuna mzee aliyesita akisema labda kwa Waingereza wa miaka ile ilikuwa desturi kuwatenda hivyo watu weusi. Ilikuwa desturi, na ilikuwa uovu.

Anayehukumu naye ahukumiwe, vinginevyo ni ubabe mtupu. Kwa hiyo niliseme hili mbele ya Wakikuyu wenzangu. Januari 2008 wanaume Wajaluo walikamatwa barabarani Naivasha na Nakuru wakatahiriwa kwa nguvu, kwa mapanga na chupa zilizovunjika, na wengine wakakatwa uume. Walioyafanya walisema kwamba asiyetahiriwa ni mtoto na hawezi kuongoza. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliokuwa wakithibitisha mashtaka ya Kenya Januari 2012 walivitaja vitendo hivyo kuwa vya unyama. Mashtaka yenyewe baadaye yakaporomoka, na waliotendewa wakabaki na makovu yao. Mpaka leo utasikia kwenye matatu na mabaa ya Thika mzaha ule ule juu ya Mjaluo. Sio mzaha. Ni mila yetu ikiwa na panga mkononi, na Mjaluo wa ploti yangu ana haki yote ya kuihukumu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi kipimo changu ni kimoja, na nitakitumia Kisii, Gatundu, Riyadh na London bila kubagua. Yule anayeumia, je, anaweza kukataa na bado akabaki mtu kwa watu wake? Anayekataa kula omena hafukuzwi ukoo. Anayekataa kisu hapewi kiti. Tofauti ni hiyo. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema. Nami nasema mtumwa ni yule asiyeweza kuiacha hata akitaka. Katiba yetu ya 2010 imeliweka wazi: ibara ya 44 inampa kila Mkenya haki ya utamaduni wake, na aya ya tatu ya ibara hiyo hiyo inakataza mtu yeyote kumlazimisha mwenzake afanye au afanyiwe desturi yoyote.

Mwaka 2017 Dkt. Tatu Kamau, daktari na Mkenya mwenzetu, alikwenda Mahakama Kuu kupinga sheria ya 2011 inayoharamisha ukeketaji. Hoja yake nzito ilikuwa kwamba mwanamke mtu mzima ana haki ya kuamua juu ya mwili wake na utamaduni wake. Majaji watatu walimkatalia tarehe 17 Machi 2021, na walifanya vyema. Mwanamke mzima anaamua akiwa wapi? Anaamua akiwa mbele ya mama mkwe, akiwa mtoni ambako wanawake wenzake wanakataa kuteka maji pamoja naye, akiwa ameitwa mtoto mbele ya wanawe. Bunge lililijua hilo, ndiyo maana sheria hiyo hiyo ina kifungu kinachomwadhibu anayemtusi mwanamke kwa kuwa hajakeketwa. Ondoa tusi na njaa ya kiti, kisha uniletee foleni ya wanawake wazima wanaoomba kukatwa.

Na nesi wa glavu asidhani glavu zinamsafisha. Kumpunguzia mtoto uchungu wa saa moja hakumrudishii alichokatwa. Sheria ya 2011 inaanzia kifungo cha miaka mitatu au faini ya Sh200,000, na haijali kama aliyekata ana cheti.

Mwaka 1998 Wakenya waliokeketwa walikuwa asilimia 38 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 15. Asilimia hizo hazikushuka kwa sababu watu waliheshimu mila za wenzao kwa kunyamaza. Zilishushwa na mabinti waliotoroka usiku, akina mama waliosema hapana, walimu waliohesabu madawati matupu Januari, wachungaji na mashehe waliosema wazi kwamba Mungu hakuagiza, na majirani waliobisha mlango.

Kwa hiyo, wewe wa Landless, wa Makongeni, wa Kiganjo, wa Ruiru, likizo ndefu inakuja na mabasi ya kwenda ushago yatajaa. Ukisikia bombani kwamba msichana fulani anangojewa, kifungu cha 24 cha sheria ya 2011 kinasema kujua na kutoripoti ni kosa lako wewe. Zungumza na mama yake kwanza, kwa heshima, maana huenda anakungoja. Ikishindikana, piga 116, simu ya watoto. Haina malipo, na inapokelewa usiku na mchana.